Ukurasa wa Arobaini na Moja

Jumatatu, 24 Machi 2025

Barua pepe kutoka Ujerumani! Nimeisoma stesheni ya Seven Hills, treni mbili zikanipita. Kitabu changu kimeingia sita bora. Tuzo ya vitabu vya watoto vilivyoandikwa kwa Kijerumani — na mimi Tumpe, mtunza wazee wa Parramatta huku ughaibuni, nimo! Kijerumani chenyewe nilikiokota miaka ile mitatu nikilea watoto wa watu kule. Nimecheka peke yangu mpaka mama mmoja akahama benchi.

Jumatano, 26 Machi

Kumbe furaha ina masharti. Nijirekodi video nikisoma ukurasa wa arobaini na moja. Jopo la majaji vijana ndilo limeuchagua. Mwisho Jumatatu.

Nikafungua kitabu. Mungu wangu. Babu wa kwenye hadithi anatajwa kwa jina mara saba! Na babu yule nilimpa jina la baba mkwe wangu.

Kwetu Unyakyusa mkamwana hamtaji baba mkwe kwa jina. Miaka kumi na moja ya ndoa, jina lile halijapita mdomoni mwangu. Nilimpa kwa heshima, nikijua kwao Tukuyu hakuna wa kukisoma kitabu cha Kijerumani. Na kuliandika kwa Kijerumani hakukunitisha hata kidogo, kama vile aliyeandika si mimi. Leo nimejaribu kulisema bafuni, mlango nimefunga. Ulimi umegoma. Mjinga mimi!

Alhamisi, 27 Machi

Nimempigia Annegret, mhariri wangu. Je, nikisoma "babu" tu? Hapana — vijana watakuwa na kitabu mkononi, watafuata neno kwa neno. Akauliza kama nakionea aibu Kijerumani changu.

Lusekelo karudi kutoka ghalani Wetherill Park. Mume wangu huyu kacheka mpaka kakaa chini.

"Just read it, Mama Hope. Mzee yuko Tukuyu, atajuaje?"

Hope naye, toka kwenye kochi: "Mum, it's just a name."

Jina tu! Kwa hasira nimeunguza maharage.

Jumamosi, 29 Machi

Mzee kajua. Lusekelo kamwambia kaka yake, kaka kamwambia mzee. Mwanamume hana kifua!

Na mzee hakukasirika. Kampigia Lusekelo: anataka nikisoma asikilize kwa simu. Mama mkwe akamnyang'anya simu, akataka nipewe mimi, akaninong'oneza: usithubutu mwanangu, huyo anakupima.

Sasa hii ni ruhusa au mtihani? Nimemuuliza Rispah, Mkenya tunayefanya naye shifti.

"Si jina ni lake? Kama amekubali, soma tu. Wacha stress."

Lakini heshima hii si yake peke yake. Au ni yake? Nimezunguka na swali hili shifti nzima, nikampa mzee mmoja chai ya mwenzake. Sijui. Kweli sijui.

Jumapili, 30 Machi

Saa kumi jioni. Tukaweka simu mezani, sauti juu. Mzee upande wa pili, anakohoa. Kamera ikawashwa. Nikasoma sentensi nne vizuri kabisa. Ya tano inaanza na jina.

Kidole changu kikaishia kwenye herufi ya kwanza. Lusekelo kanikodolea macho.

Halafu mzee akasema. Na mimi! Tangu niolewe salamu zake zote hupitia kwa mwanawe.

"Mwanangu, rika langu lote limekwisha. Hakuna tena anayeniita kwa jina. Soma nisikie."

Nyuma yake mama mkwe anafoka kwa Kinyakyusa — mwache mtoto wa watu, unamtakia nini?

Nimekimbilia chumbani na daftari hili. Nimewaomba dakika mbili. Nalia, wala sijui namlilia nani. Nikitaja, nimemvunjia heshima. Nisipotaja, nimemnyima. Na tuzo? Mpaka sasa sikuwa hata nimeikumbuka.

Lusekelo anagonga. Simu haijakatwa — namsikia anakohoa. Ngoja nianze na kalamu, hapa, ambapo hakuna anayesikia.

Baba mkwe wangu anaitwa Am—