Kazi Niliyokupokelea

Same, milimani
Jumatano

Kaka Anold, shikamoo.

Mama anaendelea vizuri, ila mguu bado haukanyagi. Mbuzi kazaa pacha.

Leo mwalimu wa Kiingereza katufundisha "undertake". Kasema ni kupokea kazi na kuahidi kwa kinywa chako kwamba utaifanya. Akanisimamisha nitunge sentensi. Nikasema kwa sauti ndogo kwamba kaka yangu atatoa tope kwenye ndiva, bwawa letu la kumwagilia mashamba.

"Mwenyewe anajua?" akauliza. Darasa zima likacheka. Mimi nikaketi, maana hujui.

Nisamehe, kaka. Juzi kwenye kikao cha msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kijiji, mwenyekiti aliuliza nyumba yetu itamtoa nani Jumamosi, la sivyo zamu yetu ya maji wanapewa wengine. Watu wote wakanigeukia. Kwa aibu nikasema, "Anold atapanda kutoka Makanya." Na najua huko machimbo ya jasi ruhusa hupati.

Jioni hii nimerudi kwa mwenyekiti, nikamwambia afute jina lako aandike langu.

"Wewe binti, koleo utaliweza?"

"Nitaliweza."

Basi usihangaike kuomba ruhusa. Kazi nimeipokea mwenyewe, na bado naogopa.

Mdogo wako,
Fortunata