Kijiko Kifudifudi

Jumatatu, 3 Juni

Meneja wa hoteli kaniita ofisini asubuhi. Nikajua leo ndiyo zamu yangu, nafungashwa virago. Kumbe la! Kuna wageni wa mkutano wanakuja, ghorofa ya pili inafunguliwa tena. Nimeruhusiwa kuongeza mtu mmoja wa vyumba. Mmoja tu! Januari walipunguza watu kumi na moja, sasa wanarudisha mmoja, tena kibarua. Mimi msimamizi wa vyumba siku hizi nasimamia ndoo na kivuli changu.

Nyumbani sijavua hata viatu nikaropoka. Kiwanda alichokuwa akifanya kazi kaka kilifungwa, wamehamia kwangu, yeye, wifi na mapacha wao. Chai ya wifi jioni ilikuwa na sukari nyingi kuliko kawaida.

Jumanne, 4 Juni

Habari zimeshafika mtaani. Nimemkuta Mama Kona getini. Jina hilo tulimpa kwa jinsi anavyokunja kona za shuka – unaweza kujikata. Ndiye aliyenifundisha kazi. Tangu wampunguze anafua nguo za watu, vidole vimechubuka vyote. Hakuomba kitu. Kasema tu, mwanangu, nimesikia. Nikamwambia aje ajiandikishe kama wengine. Niliona haya kumtazama.

Jioni nimemfundisha wifi kutandika, kwenye kitanda changu. Kaka analalamika hana pa kukaa. Tumetandua na kutandika mpaka kiuno kikagoma. Mwishowe kona zikakaa. Ana mkono mwepesi, sisemi kwa upendeleo.

Haya, nasema kwa upendeleo kidogo.

Alhamisi, 6 Juni

Meneja katangaza hataki mambo ya kujuana. Wameomba wengi, kabakiza wawili. Kesho kila mmoja atatandika chumba chake na kutoka. Mimi nitakagua bila kuambiwa nani katandika kipi, nichague.

Hao wawili ni wifi na Mama Kona. Meneja hajui kama mmoja ni wifi yangu.

Nimemvuta wifi jikoni. Nikamwambia: ukimaliza, kile kijiko cha kwenye trei ya chai kilaze kifudifudi. Meneja haangalii vijiko. Akauliza, na yule mama je? Nikamwambia aoshe vyombo.

Mapacha wanakula kwangu. Mama Kona hali kwangu. Nimeandika hivyo, nimesoma tena, na sijipendi.

Ijumaa, 7 Juni

Naandika nikiwa stoo ya mashuka. Mlango nimeurudishia.

Nimeingia chumba cha kwanza. Kona safi, mito imesimama, kijiko kifudifudi. Nikashusha pumzi. Cha pili nikaingia kutimiza tu. Kona zilezile. Mito vilevile. Kijiko – kifudifudi!

Meneja nyuma yangu: haya, kipi? Nikasema ngoja kwanza nikaangalie mashuka. Mashuka gani? Uongo mtupu.

Wamekaa kwenye benchi la korido, wanagawana mkate. Nikamwita wifi pembeni. Kasema, wifi, nilishindwa. Yule mama kanifunga eproni vizuri, kanionyesha dawa ya sakafu isiyochoma mikono, wala hakuniuliza mimi ni nani. Ndipo nikamwambia huyo mama habari ya kijiko.

Nikamuuliza, chako ni kipi basi?

Akasema, wewe chagua kitanda, wifi.

Nilipogeuka, Mama Kona ananitazama. Hakukunja uso. Kaniangalia vile alivyokuwa akiniangalia zamani nikikosea kukunja shuka, akingoja nilirudie mwenyewe. Kwa hiyo anajua. Na kijiko kakilaza.

Nimekwenda tena vyumba vyote viwili. Nimeinua magodoro, nimepapasa chini ya mito. Sioni tofauti. Nimemfundisha wifi vizuri mno, na nilichomfundisha ni cha Mama Kona chote.

Nasikia viatu vya meneja kwenye korido. Mmoja wao leo anarudi nyumbani bila kazi kwa mkono wangu, na sijui ni yupi. Anagonga