Breki za Nyuma za Volvo ya Mama

Granåsen, 3 Mei 2004

Mwanangu Ylva,

Hujambo huko Uppsala? Kikohozi kimekuachia? Mimi mzima, ila goti linanikumbusha umri. Barafu ya ziwani imeanza kuoza. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu tunaishia kupigiana kelele.

Volvo imeanguka ukaguzi. Kalipa za nyuma, vile vyuma vinavyobana diski, zimeganda kwa kutu, na mkaguzi amelipiga gari marufuku barabarani. Fundi anasema kalipa mpya zitagharimu zaidi kuliko gari lenyewe. Kaka yako Holger ameshanitafutia nyumba ya chumba kimoja mjini, jengo lenye lifti. Anasema tangu basi la kijiji lifutwe, mtu asiye na gari huku amezikwa ila hajaambiwa. Anataka kuja na trela kabla ya sikukuu ya katikati ya kiangazi: gari liende kwenye chuma chakavu, mimi niende kwenye lifti.

Nimemwambia nitafikiri. Nimefikiri, na sijapata cha kumjibu.

Mama yako

Uppsala, 9 Mei

Mama mpendwa,

Kikohozi kimeisha na ninakula vizuri, usiulize tena. Goti lifunge sufu.

Holger usimpe jibu lolote. Jana nilipanda treni hadi yadi moja ya magari mabovu, nikakuta Volvo kama yako, ya mwaka uleule, hata rangi yake ya buluu ni ileile. Ubavu umebondeka lakini nyuma ni nzima. Mzee wa yadi aliniuliza natafutia gari la baba au la mchumba. Nilipomwambia ni la mama yangu, akasema, "Basi mnunulie baiskeli." Nikamwomba spana.

Kalipa zake nilizifungua mwenyewe. Boliti ya kwanza ilinichubua kidole, na sijui nikuelezeje, Mama, nilifurahi. Mwaka mzima nasoma habari za watu walioamua jambo na kulisimamia, na mimi nilikuwa sijaamua hata rangi ya pazia. Nimezituma kwa basi la mizigo hadi mjini. Siv wa posta atakuletea mlangoni.

Usiuze nyumba yetu kwa ajili ya vyuma viwili.

Binti yako, Ylva

Granåsen, 21 Mei

Mwanangu,

Natumai u mzima. Hapa kuna mbu na mvua.

Kalipa zimefika, na hazikai. Gari ni lilelile, mwaka ni uleule, lakini matundu ya boliti hayakutani. Nimezigeuza kila upande mpaka mikono ikawa myeusi. Holger alipiga simu nikiwa bado na spana mkononi, akacheka, akasema dada yake anajua Kilatini, hajui breki.

Nimechoka, Ylva. Nimemwambia aje na trela Jumamosi ya tarehe 12 Juni. Ile nyumba ina dirisha linalotazama maegesho. Nitayazoea.

Mama

Uppsala, 25 Mei

Mama,

Mimi mzima. Nina hasira, lakini mzima.

Kosa ni langu: niliuliza mwaka, sikuuliza jina. Nimerudi yadini. Mzee alicheka kwanza, kisha akanionyesha. Kiwanda kilinunua breki kwa watengenezaji wawili na kufunga zilizokuwapo siku hiyo. Magari mawili yaliyotoka kwa kufuatana yanaweza kutofautiana. Jina limo kwenye chuma chenyewe, kwa herufi zilizoinuka. Nilizokutumia ni ATE. Zako lazima ni za yule mwingine, lakini sibahatishi tena. Inua gari, toa gurudumu, piga brashi ya waya, unisomee.

Holger akisema umezikwa, mwulize nani ameshika sepetu. Hakuna aliyekuuliza kama unaitaka lifti. Mimi nakuuliza. Ukiitaka kweli, nitakuja kukubebea viti na sitasema neno. Kama huitaki, usiniandikie kwamba umechoka. Niandikie jina.

Ylva wako

Granåsen, 29 Mei

Girling.

Mama

Uppsala, 3 Juni

Mama mpendwa,

Natumai mgongo haukuuma huko chini. Nimezipata, na safari hii nimesoma jina kabla ya kugusa spana. Mzee amekubali kubadilishana ukimrudishia zile za kwanza. Mafuta ya breki nayo nimeyatia kwenye boksi. Ukishafunga, upepo wote utoke kwenye mabomba, la sivyo pedali itazama. Kazi hiyo ni ya watu wawili, mmoja chini, mmoja kwenye pedali. Nina mtihani hadi tarehe 14, siwezi kuja, na hilo linaniuma kuliko nilivyokuandikia. Tafuta mtu.

Binti yako

Granåsen, 18 Juni

Mwanangu Ylva,

Hujambo, na mtihani ulikwendaje? Mimi mzima, hata goti.

Holger alikuja Jumamosi na trela. Akakuta gari liko juu ya magogo, halina magurudumu ya nyuma. Akauliza yako wapi. Nikamwambia nimeyafungia kwenye sauna na ufunguo ninao mimi. Akasema namtia aibu. Nilikuwa nimeshafunga kalipa zote mbili na zimekaa, Ylva, zimekaa kama zilizozaliwa pale.

"Ingia garini," nikamwambia.

"Kufanya nini?"

"Kukanyaga."

Akaingia, na viatu vyake vya ofisini. Mimi nikalala chini. Kanyaga. Shikilia. Achia. Tena. Mwanzoni alikuwa anahema kama mtu anayeonewa. Kisha akauliza haya nimejifunzia wapi.

"Baba yenu alipokuwa huku chini," nikasema, "ulidhani pedali ilikuwa inakanyagwa na nani?"

Akanywa kahawa, akarudi na trela tupu.

Gari lililopigwa marufuku linaruhusiwa njia moja tu, ya kwenda ukaguzi, nami niliifuata leo asubuhi. Mkaguzi akalipandisha kwenye rola za kupimia breki, akatazama mshale wa kipimo, akauliza fundi ni nani. Nikamwambia ni mimi. Akanitazama, akatazama mshale tena, akagonga muhuri.

Holger nimemwambia ile nyumba ampe mtu anayependa lifti. Kisha, kwa kuwa sasa sikuwa na njia niliyopangiwa, nilipita njia panda ya nyumbani bila kukata kona. Nikaendesha hadi barabara ya malori ya magogo inapoishia, kule juu, nikakanyaga breki, nikasimama pale pale nilipotaka.

Mama yako