Lango la Saa Mbili na Dakika Ishirini

KAMATI YA WAZAZI, SHULE YA MSINGI HENSHIR EL-LOZ
Kikao cha dharura, Alhamisi 13 Machi 2025, darasa la nne, kuanzia saa 9:15 alasiri

Waliohudhuria: Bw. Lazhar Mejri (Mwenyekiti), Bi. Mounira Gharsalli (Katibu), Bw. Nouri Khelifi (Mwalimu Mkuu), Bi. Zohra Ayari (mama wa Rihab wa darasa la tatu), Mzee Béchir (bawabu).
Asiyehudhuria: dereva wa basi la shule. Hakuna aliyekumbuka kumwita.

KUMB. NA. 1/2025: KUFUNGUA
Mwenyekiti aliongoza dua ya kumwombea Rihab, ambaye bado hajapata fahamu hospitalini. Mwalimu Mkuu aliomba watu waseme kwa ufupi kwa kuwa wamefunga. Bi. Zohra alisema na yeye amefunga.

KUMB. NA. 2/2025: TAARIFA YA AJALI
Mwalimu Mkuu alisoma taarifa anayotaka kuipeleka wizarani, akaomba Mwenyekiti aisaini. Ilisema kwamba mwanafunzi aligongwa na lori saa moja na nusu asubuhi, nje ya lango na kabla ya masomo, hivyo hakuwa chini ya uangalizi wa shule.

Mwenyekiti aliuliza kwa nini watoto walikuwa nje saa hiyo. Ilielezwa kwamba kwa Ramadhani masomo yalisogezwa mbele kutoka saa moja na nusu hadi saa mbili na nusu, lakini basi liliendelea kuwaleta saa moja na robo. Mwalimu Mkuu alisema ratiba mpya ilibandikwa langoni.

"Sidi Mudiri, dereva yule hashuki," Mwenyekiti alimwambia Mwalimu Mkuu. "Anapiga honi, anateremsha watoto, huyo anaondoka. Ataisomea wapi?"

Kamati iliona kwamba basi limeagizwa na shule yenyewe, kwa hiyo mtoto akiteremka yuko mikononi mwa shule, kengele iwe imelia au la. Mwalimu Mkuu alisema sheria haisemi hivyo. Alipoombwa aionyeshe, alisema kitabu kiko nyumbani.

KUMB. NA. 3/2025: MAELEZO YA BAWABU
Mzee Béchir alieleza kwamba ana agizo la maandishi kutoka kwa Mwalimu Mkuu la kutofungua kabla ya saa 2:20. Aliulizwa kama aliwaona watoto. Alijibu:

"Niliwaona. Rihab alikuja kwenye nondo za lango. Akaniambia, 'Ammi Béchir, nimebanwa, nifungulie niende chooni.' Nikamwambia saa bado. Akasema hawezi kungoja. Nikamwambia, basi nenda kwa Lalla Habiba."

Nyumba ya Bi. Habiba iko ng'ambo ya barabara. Lori lilimgonga Rihab akivuka kwenda huko.

Mwalimu Mkuu aliomba maneno hayo yasiandikwe. Katibu ameyaandika.

KUMB. NA. 4/2025: MAAZIMIO
Lango lifunguliwe basi linapofika, na mwalimu wa zamu awepo. Mwenyekiti alikataa kusaini taarifa. Iandikwe upya, maelezo ya bawabu yakiwemo. Mwalimu Mkuu alipinga, akisema, "Mnanifukuzisha kazi."

KUMB. NA. 5/2025: MENGINEYO
Bi. Zohra alimgeukia Katibu.

"Dada Mounira, nilimfundisha asivuke barabara bila kumwomba mtu mzima. Andika kwamba aliomba."

Imeandikwa.

Kikao kilikwisha saa 11:05 jioni, watu wakaenda kuandaa futari.

L. Mejri, Mwenyekiti (saini)
M. Gharsalli, Katibu (saini)
Béchir, bawabu (dole gumba, kwa ombi lake mwenyewe)