Niliwafundisha 'Can't', Sasa Mama Mdogo Kasimamishwa Kazi

Mpendwa mshauri,

Shikamoo. Naomba unisaidie kwa maandishi, kwa sababu ana kwa ana ningekaa kimya tu nikitazama viatu vyangu. Nimemaliza shule mwaka huu, nikapata nafasi ya kujifunza kazi ya mapokezi katika hoteli ambayo mama mdogo, aliyenilea, anafanya usafi wa vyumba, na kwa kuwa Kiingereza changu si kibaya, msimamizi wetu aliniagiza niwafundishe wahudumu wa vyumba kila Jumatatu asubuhi, ndani ya chumba cha kufulia, mashine zikitetemeka na mvuke wa pasi ukitupiga usoni, niwape yale maneno ya 'can', 'may', 'will' na 'would', ili mgeni akiomba kitu ajibiwe kwa adabu.

Nilianza na 'May I come in?' na 'Would you like more towels?', wakashika haraka, lakini mshauri, mimi shuleni nilizoea kwamba ukisoma neno unasoma na kinyume chake, kwa hiyo Jumatatu iliyofuata nikaandika kwa chaki kwenye mlango wa kabati 'can't', 'shouldn't' na 'mustn't'. Dada mmoja wa kupiga pasi akaangua kicheko.

"He! Kumbe Kiingereza nacho kina hapana? Miaka yote hii nimeuziwa nusu!"

Mama mdogo alidhani 'mustn't' ni "si lazima", nikamwambia hapana, mama, hiyo ni 'don't have to', 'mustn't' ni marufuku kabisa, akawa anairudia huku anakunja mashuka mpaka ikamkaa.

Sasa, wiki iliyopita mgeni mmoja alimkuta kwenye korido akamtaka afungue chumba cha jirani, si chake, kwa ule ufunguo wa wahudumu unaofungua vyumba vyote, eti mwenye chumba ni rafiki yake na kamwachia chaja humo ndani. Nyuma ya mlango wa chumba cha kufulia imebandikwa amri kwamba hakuna kumfungulia mtu chumba kisicho chake, na aliyeibandika ni msimamizi mwenyewe. Mama mdogo akajibu, "Sorry, sir, I can't. I mustn't open it. You should ask reception." Hakuna kosa hata moja hapo, mshauri! Nilipoambiwa niliona fahari.

Mgeni akashuka anafoka kwamba kajibiwa jeuri na mfagiaji. Msimamizi hakumuuliza hata alitaka kufunguliwa chumba gani, akamwita mama mdogo pale pale mapokezi, mimi nimesimama nyuma ya meza nasikia.

"Nani kakwambia unaweza kumwambia mgeni 'mustn't'? Wewe sema 'Yes, sir', halafu niite mimi."

"Bosi, nikishasema 'yes' si nimekubali? Nikishakubali nitamkatalia vipi?"

"Unaona? Jeuri hiyo hiyo. Kaa nyumbani mpaka nikuite."

Jana akaniita ofisini na kunipa kiti, jambo ambalo hajawahi kulifanya. "Binti, wewe una maisha mazuri hapa. Andika tu kwamba ulifundisha maneno ya adabu, hayo mengine mama yako mdogo kayaokota huko anakokujua. Ijumaa nipate karatasi, Jumatatu uanze mapokezi rasmi." Na mama mdogo anasema niandike, angalau mmoja wetu abaki na kazi. "Andika mwanangu," anasema, "mimi nimezoea kuinama." Nina hasira, kalamu nimeishika mara tatu na mara tatu nimeiweka chini, maana kosa lake ni lipi? Au kosa ni langu, kufundisha nilichokatazwa kabla hata sijakatazwa? Niandike au nisiandike?

Mwalimu wa Chumba cha Kufulia

*

Mwalimu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma nimekaa, nikasimama, nikaimalizia natembea chumbani. Poleni wote wawili. Sasa toa macho kwenye viatu unisikilize.

Hukukosea. Msimamizi wako alitaka kasuku, kakasirika kwa kuwa kasuku kajibu swali. Na hebu fikiri: mama mdogo angefungua ule mlango, kisha kitu kikapotea, nani angefukuzwa? Huyo huyo. Na msimamizi angekuwa wa kwanza kumwonyesha ile amri mlangoni.

Lakini wewe nawe! Unaniuliza uandike au usiandike, na mikono yako imeshakujibu. Unataka niseme mimi ili ukibanwa useme mshauri ndiye aliyenituma. Sikupi mwanya huo. Na mama mdogo, kwa heshima zote, hilo la kuzoea kuinama aliache. Kuna binti nyumbani anamtazama.

Karatasi utaandika, ila ya ukweli: kwamba uliagizwa kufundisha, ulifundisha kukubali na kukataa, na mama mdogo alikataa kwa kufuata amri ya hoteli. Usimpelekee msimamizi. Kabla ya Ijumaa nendeni wewe na mama mdogo kwa meneja wa hoteli, aliye juu ya msimamizi, mmchukue na yule dada wa pasi, anaonekana ana mdomo. Mwombeni meneja jambo moja tu: amuulize mwenye chumba kama alimruhusu mtu yeyote kuingia humo. Nadhani mwenye chumba atamshukuru mama mdogo kuliko mtu yeyote hotelini. Meneja naye akiziba masikio, nendeni kwa watetezi wa wafanyakazi. Hii ni kazi yao.

Unaogopa kuongea? Mwache mama mdogo aanze. Wewe sema sentensi moja, "Mimi ndiye niliyemfundisha," kisha nyamaza.

Na masomo yaendelee. Waongezee 'I'm afraid I can't', yaani samahani, siwezi; inalainisha sauti, lakini mlango unabaki umefungwa. Halafu kuna neno moja sikuliona kwenye barua yako. 'Can't' ni siwezi, 'mustn't' ni marufuku, na 'won't' ni sifanyi, hata kama ningeweza. Usisubiri Jumatatu kulifundisha. Ijumaa msimamizi akikusogezea kalamu, mtazame usoni ulitumie.