Wimbo Ambao Haukushukuru

Jumamosi, Londiani. Mvua imeanza saa nane na haijachoka. Mimi nimechoka, lakini si kwa kazi.

Niandike ukweli: nyimbo za kanisa siziwezi. Kwa miaka minne nimeishi ukuta kwa ukuta na kwaya, na kila wakianza mazoezi mimi hufunga dirisha. Nilishaamua kwamba ni spika kubwa na majibu mepesi. Umefiwa? Shukuru. Umeugua? Shukuru.

Baba alipozikwa nilikuwa na miaka kumi na miwili. Waliimba wakipiga makofi kando ya kaburi, na shangazi akaniambia nisilie kwa sababu ni siku ya ushindi. Sikulia. Sijui kama nimewahi kuwasamehe.

Leo Mama Atieno, jirani yangu anayeuza omena, wale dagaa wa ziwani, sokoni, alibisha mlango. Yeye ndiye kiongozi wa kwaya.

"Daktari, tusaidie na pikapu yako. Tunaenda kwa Chebet, na hii matope gari ingine haitafika."

Mimi ni daktari wa ng'ombe. Pikapu yangu inanuka dawa ya kupe. Walipanda hivyo hivyo, watu wanane chini ya turubai. Chebet huuza maziwa karibu na meza ya Mama Atieno. Alimzika mumewe wiki iliyopita huko upande wa Kipkelion, na tangu siku hiyo hajasema na mtu.

Nilipanga kungoja ndani ya gari. Mama mkwe wa Chebet alikataa. Kwake mgeni haachwi nje bila chai.

Basi nikakaa karibu na mlango, kikombe mkononi, nikijiandaa kukasirika.

Hakukuwa na spika. Hata hawakuimba. Walikaa tu na Chebet, kimya, muda mrefu mpaka chai yangu ikapoa. Kisha Mama Atieno akamwinamia.

"Chebet, tuimbe ama tuendelee kunyamaza?"

Nyumba nzima ilimngoja.

"Imbeni," alisema. Sauti ilikuwa imekauka. "Lakini si ile ya kushukuru. Leo siwezi."

"Hatutaimba hiyo, mama."

Waliimba polepole, kwa Kipsigis, lugha ya Chebet, ambayo nami naielewa. Wimbo wote ulikuwa maswali. Ulimuuliza Mungu alikuwa wapi. Ulimuuliza mbona nyumba sasa ni kubwa hivi. Nilingoja ubeti wa jibu, ule wa kufunga mdomo wa anayelia.

Haukuja.

Waliporudia mara ya tatu Chebet aliingia, sauti ikivunjikavunjika, halafu akalia kwa nguvu. Hakuna aliyemnyamazisha. Walishusha sauti zao, wakaendelea, kama watu wanaomshikia mwenzao mzigo. Nami nikajikuta naimba, na machozi yananidondoka kwenye kikombe.

Tukirudi nilimwambia Mama Atieno kwamba sikujua wana nyimbo kama hizo.

"Utajua aje," alisema, "na wewe unasikianga spika peke yake?"

Alisema kweli.

Sijaokoka, na spika bado ni kubwa mno. Hilo nitamwambia Jumatano nikienda kusikiliza mazoezi. Nitaenda. Sijui kama huko juu kuna aliyetusikia leo.

Chebet alitusikia.