Fomu Iliyokaa Chini ya Godoro

S.L.P. 214,
Elburgon.
14 Septemba 2025

Mpendwa kaka Naftaly,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Je, joto la Doha linakuachia nafasi ya kupumua? Na mgongo, bado unakuuma ukiendesha lori? Sisi tu wazima kwa neema ya Mungu. Mama anatembea mpaka kanisani bila mkongojo. Viazi vimekubali, ingawa kuna mtu anayeving'oa kando ya ua, nami ninamjua kwa viatu vyake.

Barua hii anakuletea Muturi wa hapa jirani, aliyekuwa likizoni. Nimeibandika gundi mara mbili. Ukiikuta imefunguliwa, usimtafute mwingine. Ningekupigia simu, lakini haya nikianza kuyasema ulimi utanikwama.

Mwezi uliopita uliniuliza kwa nini binti yako Wariara anakujibu kwenye simu neno moja moja, kama aliyelazimishwa. Nikakwambia ni umri. Nilikudanganya, kaka yangu.

Unaujua mchezo wake wa kitara, ule wa kupigana kwa upanga mwembamba usio na makali. Alianza kidato cha kwanza, mwalimu Obura alipofika shuleni kwao na fito badala ya panga. Leo ana miaka kumi na saba na ameshika nafasi ya pili nchini kati ya wasichana wa rika lake. Kila Jumamosi anashuka Nakuru kufanya mazoezi katika ukumbi wa kanisa.

Mimi mchezo huo sikuuamini tangu mwanzo. Mtoto anarudi na alama nyeusi mkononi na pajani, anasema ni mazoezi. Mazoezi gani hayo? Nikapekua mkoba wake, nikakuta kofia ya wavu kama ya mrina asali, na waya mrefu wa kupitisha ndani ya nguo. Waya wa nini ndani ya nguo za msichana? Halafu Obura mwenyewe akaja hapa nyumbani, nikampikia chai ya maziwa, akaomba maji tu. Mtu anayekataa chai yako ana lake moyoni.

Siku hiyo aliacha fomu ya idhini ya mzazi. Wariara alikuwa amechaguliwa kwenda kushindana Misri mwezi wa Juni, na sahihi ilitakiwa iwe yako, kwa kuwa wewe ndiwe mzazi aliyebaki. Nikamkumbuka Cherop wa pale karibu na kiwanda cha mbao. Naye aliletewa fomu nzuri, akaahidiwa kazi ya hoteli ng'ambo, akarudi amekonda hata mama yake hakumtambua. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Nilimwahidi Wariara kuipeleka posta. Sikuipeleka. Niliiweka chini ya godoro langu, kisha nikamwambia kwamba umeipata na umekasirika, asikugusie habari hiyo kwenye simu. Akatii. Juni ikapita, wenzake wakaenda na wakarudi.

Jumamosi iliyopita nilimfuata Nakuru, nimejifunga kitambaa mpaka kwenye nyusi. Mlangoni mama mmoja akaniuliza, "Mathe, unatafuta nani?" Nikasema natafuta choo. Nikajibanza nyuma ya viti.

Kumbe ule waya ni wa kuwasha taa. Ncha ya upanga ikikugusa popote mwilini, taa inawaka na mwenzako anapata pointi. Wariara alikuwa akipigana na msichana anayeitwa Chepchumba, kumi na nne kwa kumi na nne, pointi moja ya mwisho ikingojwa. Ghafla stima ikapotea. Obura akasema wamalizie hivyo hivyo, yeye ataamua kwa macho.

Wakarukiana. Mimi sikuona kitu. Obura naye akatikisa kichwa, akawaambia waendelee. Wariara akainua mkono.

"Coach, nimeguswa. Hapa kwa mkono."

"Mimi sijaona."

"Lakini mimi nimesikia."

Akavua kofia, akampa mwenzake mkono, akawa ameshindwa. Na Chepchumba mwenyewe alikuwa hajajua kwamba amegusa! Huko Obura anawafundisha hivyo, ukiguswa unasema. Nililia pale nyuma ya viti, Naftaly. Mtoto niliyempekua mkoba ndiye anayesema kweli asiyoulizwa, na mwongo wa nyumba hii ni mimi.

Kuhusu Obura, nitaendelea kumchungulia. Nimeambiwa ana vidonda vya tumbo. Huenda.

Ndani ya bahasha mna fomu mbili. Moja ni mpya, ya mashindano ya Desemba. Itie sahihi, Muturi aipige picha na kututumia ukiwa unamwona. Nyingine ni ile ya zamani. Haina kazi tena, ila igeuze nyuma. Jana ndipo nilipoona kwamba Wariara alikuwa amekuandikia kwa penseli: "Baba, ukikataa sitakasirika. Lakini uniambie wewe mwenyewe."

Amengoja jibu lako tangu Aprili. Nikiweka kalamu chini nitamwita jikoni nimwambie ni nani aliyemnyima. Wewe mpigie tu.

Mama anakusalimu, na mwanangu Jamleck anaulizia viatu ulivyomwahidi. Nisalimie Mwaura, mwenzako wa chumbani. Mungu akulinde barabarani na akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Ni mimi dada yako akupendaye, niliyeguswa na nimeinua mkono,

Waithera